Bakuli Lililokula na Mgeni

Mabakuli yangu kumi na moja ya kwanza hayakuona soko. Yalisagwa. Mama mkwe aliyachukua moja moja kadiri yalivyotoka motoni, akayainamisha kuelekea juani, akatazama ndani, kisha akayagonga kwa mchi. Baada ya hapo nilipewa jiwe nivisage vile vipande mwenyewe, maana kwetu Mkolani vigae vilivyosagwa ndivyo tulivyochanganya na udongo mpya ili chombo kisipasuke. Hakikutupwa kitu. Kwa hiyo kama ulinunua chungu cha nyumba yetu miaka ile, mimi nilikuwa humo ndani, nimesagwa. Nusu ya mji wa Mwanza walipikia kushindwa kwangu, na sikusikia mtu akilalamika.

Niseme mapema kwamba sikusoma. Nilikaa shule ya misheni miaka miwili, na mwaka wa pili niliumalizia kwenye shamba la mihogo la mwalimu. Kuandika vizuri nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa madaftari ya wanangu, nao wakinikosoa na mimi nikiwapa kofi. Haya ninayoandika ni mambo ninayoyajua kwa vidole. Anayetaka elimu nyingine awatafute wasomi, wako wengi. Mimi niliwahi kukutana na wawili kwa mpigo, na ndiyo habari yenyewe.

Niliolewa wakati Mwingereza bado yupo. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, jioni anarudi kichwa cheupe kama babu yake. Wanawake wote wa nyumba ile walikuwa wafinyanzi, na mkuu wao alikuwa mama mkwe, ambaye wote tulimwita mayu, yaani mama. Alikuwa mfupi, viganja vipana kama kasia, na maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya Septemba.

Sheria yake ilikuwa hii. Mke anayeingia anachimba udongo bondeni, anaubeba, anaukanyaga, anaokota mavi ya ng'ombe makavu ya kuchomea. Kufinyanga anaruhusiwa. Lakini chombo chake hakiendi sokoni mpaka siku mayu mwenyewe atakapokinywea maji. Akinywa, umekuwa mfinyanzi, unabeba vyombo vyako mpaka soko la Kirumba. Asiponywa, unaendelea kuchimba. Wifi yangu mkubwa, ambaye hakuwa na kazi ya kunifariji, alinisimulia habari za mke mmoja wa zamani ambaye hakunywewa chombo chochote, akachimba mpaka akazeeka, na hata msibani watu walimkumbuka kwa jembe lake tu.

Mimi sikutaka kukumbukwa kwa jembe. Nilitaka kusimama Kirumba, pale mwaloni, ufukweni penye akina mama wa samaki, na vyombo vyangu chini, na bei niitaje kwa mdomo wangu. Sikuomba kingine duniani.

Kosa langu lilikuwa moja. Bakuli la kwetu halina mashine. Unaviringisha udongo kwenye viganja upate kamba nene kama kidole, unaanza katikati na kuizungusha, inazunguka, inazunguka, mpaka inakuwa kitako. Kisha unapanga kamba nyingine juu ya nyingine uinue ukuta. Ukishatandika kitako unatakiwa ukilainishe hapo hapo kwa kipande cha kibuyu, mpaka mtu asijue kwamba palikuwa na kamba. Mimi nilikuwa na haraka. Nilipanda ukuta kwanza, nikisema chini nitarudi. Na ukuta ukishapanda, mkono hauingii vizuri, na udongo wa chini umeshakaza. Basi kila bakuli langu lilikuwa zuri kwa nje, na ndani kitakoni kumelala mzingo wa kamba, unazunguka kama nyumba ya konokono.

Mayu hakunieleza hata mara moja nirekebishe nini. Alisema tu, kila mara, kabla ya mchi:

“Chombo hiki kinakula na mgeni.”

Maana yake niliipata kwa wifi. Ukipakua mchuzi wa samaki sato katika bakuli kama lile, mchuzi unaingia kwenye mifereji na haurudi. Mgeni anakula, bakuli nalo linakula. Na ukilala bila kuliosha, asubuhi linanuka kuliko mwenye nyumba.

Bakuli la kumi na mbili lilichomwa siku ambayo wasomi walikuja.

Lazima ujue kwamba sisi tukichoma vyombo hatusemi. Tangu moto unapoanza kushika mpaka chombo cha mwisho kitakapovutwa kwa mti, kimya. Mayu aliamini kwamba sauti ya mtu inaingia kwenye udongo na kuupasua, na hasa sauti ya mtu anayejisifu. Hata mtoto akilia alipelekwa kwa jirani. Tukiwa katika kimya hicho, tumeuzunguka moto, walitokea wanaume wawili kwenye njia ya ng'ombe. Mmoja alikuwa mzee wa Kizungu mwenye kofia pana na daftari. Tulikuwa tumesikia habari zake: alikuwa akizunguka kwenye miamba yetu akinakili zile duara nyekundu zilizochorwa na watu wa zamani, mahali ambapo sisi tulifungia mbuzi mvua ikinyesha. Mwenzake alikuwa mwalimu wa shule moja ya mjini, amevaa tai na soksi ndefu, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi.

“Shikamooni, akina mama,” alisema mwalimu.

Kimya.

Akajaribu salamu yetu ya Kisukuma, mwangaluka. Kimya. Akauliza kama tu wazima. Tulikuwa wazima, lakini hatukusema. Yule mzee akaandika kitu katika daftari, akaandika tena, uso umemng'aa. Wifi akawaonyesha kwa mkono wakae, nao wakaenda kukaa kwenye rundo la kuni zetu, yaani mavi ya ng'ombe makavu, ambayo kwa chini hayakuwa makavu sana. Tuliwaona wakikaa. Hatungeweza kuwaambia. Walikaa hapo asubuhi nzima, na mwalimu alikuwa amevaa kaptula nyeupe.

Chombo cha mwisho kilipovutwa, mayu alijifuta mikono, akamgeukia mwalimu.

“Marahaba,” akamwambia.

Kisha akaenda kwenye vyombo kama kawaida, akaviinua kimoja kimoja. Alipofika kwenye bakuli langu aliliinamisha juani, akaangalia ndani, akanyoosha mkono apewe mchi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta jiwe la kusagia. Hapo yule mzee wa Kizungu akaruka mbele, mikono yote miwili juu, kama mtu anayesimamisha basi la Usagara linalompita. Akapiga magoti. Akachukua bakuli mikononi mwa mayu, jambo ambalo hata mume wake hakuwahi kuthubutu, akapitisha kidole kwenye ule mzingo wangu taratibu kutoka katikati mpaka nje. Akasema maneno mengi ya Kizungu. Macho yalikuwa na maji. Labda ni moshi.

Mwalimu akasimama wima kututafsiria. Alisema bwana mkubwa anasema alama hii ni ya kale kupita falme zote. Ni ile ile iliyo miambani, ni ile ile iliyo kwenye kile kipande cha kombe jeupe la konokono wa baharini walichovaa watemi, machifu wetu, na watu wa mataifa ya mbali waliichora bila kuonana nasi. Inaeleza safari ya nafsi, ambayo hutoka katika umoja, ikaenda katika wingi, ikarejea katika umoja.

Mayu alisikiliza mpaka mwisho, mchi mkononi.

“Mwambie ni haraka tu,” akasema. “Huyu ana haraka.”

Mwalimu akatafsiri. Alichotafsiri kilikuwa kirefu mara nne ya alichosema mayu, na yule mzee akafurahi sana, kwa hiyo mpaka leo sijui alimwambia nini. Kisha wakanigeukia mimi. Mwalimu akauliza alama hii nimeirithi kwa nani.

Nikautazama mchi. Bado ulikuwa juu.

“Kwa wazee,” nikasema.

“Na wazee walisema nini maana yake?”

Sikuwa nimejiandaa. Lakini mtu akitaka kukupa heshima usimwache amebeba mwenyewe. Nikamwambia kwamba binadamu huanzia katikati, tumboni mwa mama yake, kisha anazunguka na dunia, anazunguka, anapanuka, mpaka anafika ukingoni.

“Halafu?” mwalimu akauliza, kalamu tayari juu ya karatasi.

“Halafu anamwagika.”

Wifi aligeuka akaenda kukohoa nyuma ya nyumba. Mwalimu aliandika. Mzee wa Kizungu aliposikia alishika kifua. Mwisho wa maneno ilikuwa kwamba kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono mjini, siku za kuupokea uhuru, na wanataka mabakuli kumi na mawili yenye alama hiyo. Mwalimu alisema taifa linalozaliwa ni lazima lionyeshe fikra za mababu zake. Lile bakuli langu wakaondoka nalo, limeviringishwa kwenye koti kama mtoto mchanga, na nyuma ya kaptula ya mwalimu kuna ramani ya zizi letu.

Mume wangu aliporudi kazini alikuwa ameshasikia njiani. Aliniambia nimemdanganya mzungu. Nikamjibu sikumdanganya, alijidanganya mwenyewe, mimi nilimshikia taa tu. Mayu alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa.

“Kumi na mawili,” akasema. “Yakiiaibisha nyumba hii, utachimba mpaka nife. Na sina mpango wa kufa.”

Habari zilienea. Mwanamke mmoja alitembea kutoka Usagara kuja kuniuliza kama bakuli la alama linaweza kumrudisha mume aliyehamia kwa mwingine. Nikamwambia inategemea anapakua nini ndani yake. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuhakikisha si uganga. Jirani yetu Mwislamu, fundi cherehani, aliniambia kwa upole kwamba kila kinachozunguka hurudi kwa Mola, basi nikaliongeza na hilo katika mafundisho yangu. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na maana sita za bakuli, na zote nilikuwa nimeanza kuziamini.

Kilichobaki ilikuwa kufinyanga.

Nikaketi na udongo wangu, nikaviringisha kamba, nikaizungusha kitakoni. Ilikuwa nzuri. Sasa kazi yangu ilikuwa kuiacha. Miaka miwili nimepigiwa mchi kwa kuiacha, leo natakiwa niiache kwa makusudi, na kuna watu wenye tai watakuja kuikagua. Nikaitazama nione kama imekaa kinafsi. Nikaona pengo dogo kati ya kamba ya pili na ya tatu, nikaliziba kwa kidole. Nikaona kidole kimeacha alama, nikaifuta kwa kibuyu. Nikaona pale nilipofuta pametofautiana na penginepo. Nilipokuja kushtuka kitako chote kimekuwa laini kama shavu la mtoto.

Nikaanza lingine. Vile vile. Safari hii sikuwa na haraka ya kupanda ukuta, kwa sababu fikra zote zilikuwa chini, na mkono ukikaa chini kwa muda mrefu hauwezi kutulia, unafanya kazi. La tatu nalo nikalilainisha, machozi yakinitoka. Nilikuwa nimepoteza kipaji changu cha uzembe.

La nne nikalichora mzingo kwa kijiti. Mwalimu alipokuja kukagua, akiwa na suruali nyeusi sasa, alilitazama kwa muda akatikisa kichwa.

“Mama, hili halina fikra.”

“Lile la kwanza lilikuwa nayo wapi?”

“Lile lilikuwa nayo,” akasema, akashindwa kunionyesha ni wapi.

Kusema kweli alikuwa sawa. Mzingo wa kijiti ulikuwa kama konokono aliyelewa. Akaniambia zimebaki wiki mbili, mji umeshaanza kupambwa, na bwana mkubwa ameshaandika kuhusu mabakuli haya kwa wakubwa zake huko kwao. Akaondoka. Mimi nikaenda bondeni kuchimba udongo, kwa sababu niliona bora nianze kuizoea kazi yangu ya maisha.

Ilipofika siku ya kuchoma vyombo vya nyumba, yale mabakuli yangu matatu laini niliyaficha nyuma, chini ya vyungu vya wifi, maana kutupa udongo ni dhambi na kuyaonyesha ilikuwa aibu. Tukachoma. Kimya. Vyombo vikavutwa. Mayu akaanza ukaguzi, akaviinua vyungu vya wifi, akayakuta.

Aliinua la kwanza. Akaliinamisha juani. Akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaingiza kidole gumba kitakoni, akakizungusha, akitafuta. Alitafuta kama mtu aliyedondosha sindano. Nikaenda kuchukua jiwe la kusagia, nikasimama nalo.

“Maji,” akasema mayu.

Wifi ndiye aliyezinduka akakimbilia mtungi, akamimina humo ndani. Mayu akanywa. Hakuonja, alikunywa yote, koo likipanda na kushuka, kisha akaligeuza bakuli chini na kulikung'uta. Halikubakiza hata tone.

“Lina ladha ya udongo,” akasema, kana kwamba bakuli jipya lingekuwa na ladha ya asali. Akaniangalia na lile jiwe langu. “Na hilo jiwe umebeba la nini?”

Nililiweka chini. Ndiyo siku niliyofanywa mfinyanzi, na hakuna mtu aliyepiga kigelegele, maana hatukujua kama kimya kimekwisha au bado.

Lakini mayu hakuwa amesahau yale kumi na mawili. Kesho yake asubuhi aliketi, akaniambia nilete udongo. Akaviringisha kamba, akazungusha kitako, na alipofika pale pa kulainisha akaukunja mkono wake wa kulia akaukalia. Kweli, aliukalia. Akapandisha ukuta wa kwanza kwa mkono wa kushoto. Mkono wa miaka hamsini, unaujua wajibu wake, usingemwacha aache. Kila alipomaliza bakuli alilisukuma mbali asilione.

“Ni kama kumtoa mtoto hajanawa uso,” akaniambia. “Wewe uliwezaje?”

Nikamwambia ilikuwa haraka tu.

Mpaka jua linaegemea yalikuwa kumi na mawili. Na lazima nikiri, mizingo yake ilikuwa kitu kingine. Ilitoka katikati ikienda nje kwa utulivu, kama mawimbi ya ziwa ukidondosha kokoto asubuhi hakuna upepo. Nilikaa nikiitazama mpaka nikapata maana ya saba, lakini hiyo sikumwambia mtu. Yalipokauka tukayachoma, na mwalimu alipokuja kuyachukua alitazama la kwanza tu, akavua miwani.

“Sasa hii, mama,” akaniambia mimi, “hii ina fikra.”

Mayu alikuwa pembeni anapepeta mchele.

Siku ya maonyesho tulikwenda mjini wote, tumevaa kanga mpya, na chakula chetu nimekibeba kwenye lile bakuli alilonywea mayu, limefunikwa kwa kitambaa. Mabakuli yalipangwa juu ya meza yenye kitambaa cha kijani, mbele yake kikaratasi. Mwalimu akakisoma kwa sauti mbele ya mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali mpya ambaye simtaji. Kilikuwa na nafsi, na umoja, na wingi, na mwisho kabisa kilisema: hatimaye binadamu humwagika. Watu wakainamisha vichwa kwa heshima. Mimi nilitazama miguu yangu.

Mkubwa yule alikuwa mtu wa vijijini, ilionekana kwa jinsi alivyoshika bakuli. Aliliinamisha kwenye mwanga wa dirisha kama mayu anavyofanya. Kisha akamwona bibi kizee nyuma ya meza.

“Shikamoo, mama. Hivi mtu anakula humu?”

“Marahaba. Hapana,” mayu akasema. “Mchuzi utabaki humo. Haya ya kutazama.”

Mwalimu alifungua mdomo atafsiri, akakumbuka kwamba wote wawili wanasema Kiswahili.

“Na la kulia ni lipi?”

Mayu akanigeukia, akachukua bakuli mikononi mwangu, akaondoa kitambaa. Kulikuwa na ugali na mchuzi wa sato, mchuzi ulioanza kupoa. Akaliweka juu ya kitambaa cha kijani, katikati ya fikra za mababu.

“Hili,” akasema. “La mkwe wangu.”

Yule mkubwa alimega tonge, akachovya, akala pale pale mbele ya watu wote. Akafuta kitako kwa tonge la mwisho, kikabaki kikavu. Na mimi, ambaye nilikuwa na maana saba za bakuli kichwani, nilikuwa nakitazama kile kitako tu.

Wiki iliyofuata nilitoka Mkolani alfajiri na mzigo wangu kichwani. Nikafika Kirumba, nikashuka mwaloni, nikapanga mabakuli yangu tisa karibu na akina mama wa samaki. Laini yote. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, mke wa mvuvi. Aliinua bakuli, akatazama ndani, akanitazama mimi.

“Mbona hili halina ile alama? Mimi nataka lile la alama, lililosifiwa mjini.”

Nikamwambia yale ya alama anafinyanga mama mkwe wangu tu, aende Mkolani akamwombe mwenyewe. Ila akikuta moto unawaka asitoe salamu, na asikae kwenye lile rundo.

Akatazama jua na urefu wa njia, akanunua la kwangu.